Medali za mume wangu hazimo kwenye karatasi yake ya jeshi

Yaya,

Salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mjane, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na moja. Marehemu mume wangu alipata loteri ya viza ya Marekani tukiwa bado wachumba. Alipofika kule akaingia jeshi la nchi kavu mwaka 2009, wakamfanya dereva wa kamiyo, na kuanzia Februari 2011 hadi Januari 2012 walimpeleka Afghanistan. Mwaka 2013 akaacha jeshi, akarudi Lubumbashi, tukafunga ndoa komini kwa bwana mkubwa wa etasivili, ofisi ya kuandikisha ndoa na vifo, akanunua kamiyo akaanza kubeba mizigo njia ya Kasumbalesa. Mwaka jana ugonjwa wa mapafu ukamchukua. Tumemzika makaburi ya Sapin.

Matanga yalipokwisha nilifungua sanduku lake la chuma. Nilikuta ile karatasi ya kutoka jeshini wanayoiita DD 214, ambayo alikuwa akisema ndiyo kitambulisho cha maisha yake ya jeshi. Sehemu ya 13, mahali pa medali, pameandikwa vitu vitatu tu: National Defense Service Medal, Global War on Terrorism Service Medal, Army Service Ribbon. Basi. Afghanistan haipo kwenye medali, ila chini, sehemu ya 18, nimeona SERVICE IN AFGHANISTAN na tarehe zake. Ndani ya bahasha nyingine kuna karatasi ya amri ya jeshi yenye kichwa PERMANENT ORDERS, jina lake limo pamoja na ya wenzake, na maneno Combat Action Badge. Kuna pia kikaratasi cha zahanati ya jeshi, kimekunjwa mara nne. Nimeweza kusoma tarehe, neno IED, halafu LOC, halafu QUARTERS X 72 HRS, na sahihi chini.

Yaya, mwenyewe alikuwa akitusimulia jinsi bomu la barabarani lilivyopasuka chini ya kamiyo yake, akazirai, akaamka masikio yanalia, na siku kumi hakushika usukani. Alisema kapteni wake aliahidi kumwandikia medali ya majeruhi, kisha kapteni akahamishwa na jambo likafia hapo. Hakulifuatilia. Alikuwa mtu wa kunyamaza.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mkubwa, anasema karatasi hizi ni za ukoo, si zangu. Anataka ampelekee mtu mmoja mjini anayejua mambo ya Marekani. Mtu huyo anaomba dolari 600 na karatasi zote asilia. Mimi naogopa, lakini naogopa pia kugombana na familia ya mume wangu.

Je, karatasi ya mtu aliyekufa inaweza kusahihishwa? Mimi nina haki ya kuomba? Na kama inawezekana, nianzie wapi? Nataka watoto wajue baba yao alifanya nini, na nataka jiwe la kaburi lake liandikwe ukweli.

Mama wa watatu, Katuba

*

Mdogo wangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa maneno ya watu ambayo yameanza hata udongo wa kaburi haujakauka.

Nianze na lile la haraka. Usitoe hata dolari moja, na usimkabidhi mtu yule karatasi asilia. Kuomba faili ya askari aliyetoka jeshini mwaka 2013, kuomba isahihishwe, hata kupeleka shauri mbele ya bodi, yote hayo serikali ya Marekani haitozi ada kwa askari mwenyewe wala kwa jamaa zake wa karibu. Gharama yako ni fotokopi, mtafsiri, na kutuma barua. Tena ile DD 214 ina jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Mwenye kuishika anaweza kudai pesa kwa jina la marehemu, na wewe utajua siku utakapoambiwa kwamba haki yako imeshachukuliwa na mtu mwingine. Sisemi kwamba bwana huyo ni mwizi, simjui. Nasema hakuna kazi yoyote katika shauri hili inayomlazimu kushika karatasi asilia, kwa hiyo anayezitaka anataka kitu ambacho hakihitaji. Shemeji akisisitiza, mpe fotokopi ambayo umefunika ile namba.

Ndiyo, karatasi ya marehemu inasahihishwa. Na ndiyo, wewe ndiye mwenye haki ya kuomba. Kwa jeshi la nchi kavu la Marekani, anayetangulia katika mambo ya medali za marehemu ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, ndipo mtoto mkubwa, ndipo baba au mama, ndipo ndugu mkubwa. Shemeji yako yumo kwenye orodha, lakini yuko nyuma yako, nyuma ya mwanao, na nyuma ya wazazi wa marehemu kama bado wapo. Hilo si la kumtupia usoni. Ni la wewe kulijua ili usitikisike.

Kinachokupa nguvu ni ile ndoa ya komini. Nenda etasivili uchukue nakala ya cheti cha ndoa na cheti cha kifo, na hakikisha jina la marehemu limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye DD 214. Hapa kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na jina, jina la nyuma na jina la ubatizo katika mpangilio mmoja kwenye cheti, na mpangilio mwingine kwenye pasipoti. Karani wa Marekani akiona majina yamepishana anasimama. Kama yamepishana, eleza kwa mstari mmoja katika barua yako. Na wadada wanaosoma hapa ambao ndoa yao ni ya mahari na wazee tu: sheria ya familia ya Kongo inaruhusu ndoa ya kifamilia iandikishwe komini. Nendeni mkaandikishe mume akiwa hai.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo familia nyingi zinapoharibu. Wewe unaona medali tatu zinazokosekana, ya Afghanistan, ya Combat Action Badge na ya majeruhi, na unataka kuandika barua moja ya kulalamika. Usifanye hivyo. Zile tatu si shauri moja. Kila moja ina ushahidi wake na ugumu wake, na ukizifunga pamoja, ile ngumu itazichelewesha zile nyepesi.

Nyepesi kuliko zote ni medali ya kampeni ya Afghanistan, kwa jina lao Afghanistan Campaign Medal. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na masharti yake ni mtu kuwa amehudumu kule siku 30 mfululizo, au siku 60 zisizofuatana. Hakuna kamanda anayepaswa kuipendekeza wala kuitolea amri ya pekee. Ulikuwepo siku hizo, ni yako. Na karatasi ya mumeo inajipinga yenyewe: sehemu ya 18 inakiri kwamba alikuwa Afghanistan karibu mwaka mzima, sehemu ya 13 inaisahau medali ya Afghanistan. Huhitaji shahidi hapo. Unawaonyesha mistari miwili ya karatasi yao wenyewe.

Ongeza na hili, ambalo nadhani hata marehemu hakulijua. Jeshi liliigawa vita ile katika vipindi, na kwa kila kipindi ambacho askari alihudumu anabandikiwa nyota ndogo ya shaba juu ya utepe wa medali. Kipindi kimoja kiliishia tarehe 30 Juni 2011, kingine kikaanza tarehe 1 Julai 2011. Mumeo alivuka mpaka huo akiwa kule kule. Kwa hiyo omba medali hiyo pamoja na nyota mbili za shaba, uziandike waziwazi. Huwa wanajibu kile ulichoomba.

Ya pili ni Combat Action Badge, yaani beji ya mapambano. Hii haitolewi kwa mtu kukaa tu katika nchi ya vita. Ni ya askari ambaye yeye mwenyewe alishambuliwa na adui au alipambana naye, na lazima kamanda mwenye madaraka aitolee amri. Kama ungekuwa na simulizi peke yake ningekuambia ujiandae kwa safari ndefu. Lakini wewe una ile PERMANENT ORDERS. Iangalie tena: ina namba ya amri, tarehe, kikosi, jina la mumeo? Ikiwa navyo, uamuzi ulishafanywa zamani na mwenye mamlaka. Kilichobaki ni kuuhamisha kutoka karatasi moja kwenda nyingine, na labda karani aliyechapa DD 214 hakuwa na nakala ya amri ile mezani pake siku hiyo. Hutokea sana askari anapotoka kikosi kimoja na kumalizia kazi kambi nyingine.

Hizo mbili zipeleke pamoja. Fomu unayohitaji inaitwa SF 180, inapatikana bure kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Marekani. Inakwenda kwenye kituo cha kumbukumbu za askari kilichoko St. Louis, jimbo la Missouri, ambacho huhakiki madai kwa kuangalia faili kisha hupeleka ombi kwa jeshi lenyewe. Kuna njia ya kuomba kwa mtandao, lakini inadai uthibitisho wa utambulisho ambao ni mgumu kwa mtu aliye Lubumbashi bila simu wala vitambulisho vya kule. Kwa hiyo chapisha, jaza kwa herufi kubwa, tia sahihi yako kwa kalamu. Sahihi ni yako wewe, si ya binamu aliyeko Texas, hata kama binamu ndiye atakayeitia posta. Ambatisha fotokopi ya DD 214, ya ile amri, ya cheti cha kifo na cha ndoa, na tafsiri ya Kiingereza ya vile vya Kifaransa. Katika fomu hiyohiyo omba nakala ya faili lake lote la utumishi, si medali tu. Utalihitaji kwa ile ya tatu.

Barua ya kuambatisha iwe fupi. Nani wewe, nani yeye, nini kinakosekana, ushahidi uko ukurasa gani. Uchungu wako wote naujua, lakini karani anayesoma barua hizo kutwa anatafuta tarehe na namba za amri, na ukimpa hizo katika mistari kumi umemsaidia kukusaidia. Kama kwenye sanduku kuna cheti cha medali ya NATO, kiweke. Uliza pia juu ya Good Conduct Medal: mumeo alitumikia miaka minne, na medali ile kwa kawaida ni ya miaka mitatu ya utumishi mwema. Kama hakuwa na doa, kuna sababu ya kuuliza imekwenda wapi.

Jibu likiwa jema, usitegemee DD 214 mpya. Itakuja karatasi nyingine fupi inayoitwa DD 215, yenye masahihisho tu. Thamani yake ni sawa na ile ya kwanza, na tangu siku hiyo hizo mbili hazitenganishwi: popote utakapopeleka fotokopi ya moja, peleka na ya pili.

Sasa Purple Heart, medali ya majeruhi. Sitakudanganya, hii ndiyo yenye mlima. Lakini ulichokikuta kwenye sanduku ni kikubwa kuliko unavyodhani.

Masharti yake ni kwamba askari alijeruhiwa kwa tendo la adui, jeraha lilihitaji kutibiwa na mtaalamu wa tiba, na matibabu hayo yakaandikwa. Bomu la barabarani lililotegwa na adui, ndilo lile neno IED la kwenye kikaratasi, ni tendo la adui, hapo hakuna ubishi. Ubishi huwa juu ya jeraha lenyewe, maana mumeo hakukatika mkono wala kutoka damu. Alitikisika ubongo. Miaka mingi majeruhi wa namna hiyo walipitwa, kwa kuwa hawakuwa na kovu la kuonyesha. Mwaka 2011 jeshi la nchi kavu likaweka wazi: mtikisiko wa ubongo unastahili medali hii ikiwa ulimfanya askari apoteze fahamu, au ikiwa daktari alimzuia kufanya kazi yake kamili kwa zaidi ya saa 48 kwa sababu ya dalili zake.

Rudi sasa kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. LOC ni mkato wa madaktari wao wa kusema alipoteza fahamu. QUARTERS X 72 HRS ni amri ya kubaki malazini saa 72, bila kazi. Yaani mumeo ana sharti la kwanza na la pili pia, na moja tu lingetosha. Mistari hiyo miwili ndiyo mizito kuliko vyote vilivyomo ndani ya sanduku lile. Kipige picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa jua, usikibandike gundi wala karatasi ya plastiki. Angalia ile sahihi: kuna jina na cheo karibu nayo? Anayetia sahihi akiwa daktari au msaidizi wa daktari, kazi yako imepungua nusu.

Kwa nini nasisitiza saa 72? Kwa sababu tangu 2010 kila askari aliyekuwa karibu na mlipuko alilazimishwa kupumzika saa 24, mzima au mgonjwa. Wanaosoma maombi wanalijua hilo, na karatasi inayosema alipumzishwa siku moja haiwashawishi. Ya mumeo inavuka kiwango. Na hapa nakuomba kitu kimoja kwa upendo: yeye alikusimulia siku kumi, karatasi inasema saa 72. Katika maombi andika saa 72. Huenda zile siku kumi ni kweli, huenda alirudishwa zahanati baadaye na kuna karatasi nyingine, lakini mpaka utakapoipata, usiweke mdomoni mwa karatasi neno ambalo haikulisema. Ombi lenye jambo moja lililotiwa chumvi linachafua na yale yaliyo safi, na marehemu ndiye atakayeonekana mwongo.

Karatasi hiyo nyingine, kama ipo, usiitafute kwenye faili la utumishi. Kwa askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya Oktoba 1992 na mwisho wa 2013, faili la matibabu lilipelekwa kwenye idara ya masuala ya askari wa zamani, ile wanayoiita VA. Fomu ni ileile SF 180, unajaza nyingine na kueleza kwamba unataka rekodi za afya za Afghanistan mwaka 2011. Taja tarehe iliyoko kwenye kikaratasi.

Halafu mashahidi. Tafuta wawili walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa. Najua utasema, nitawapata wapi watu wa miaka ile nikiwa Katuba? Umeniandikia jibu wewe mwenyewe: ile amri ya beji ina majina ya wenzake. Hao walikuwa kikosi kimoja naye. Kama kuna picha za kule, angalia kifuani, kwa maana sare ya jeshi lile ina jina la ukoo limeshonwa juu ya mfuko. Kisha mpe kijana mwenye bando akae Facebook jioni mbili tatu. Askari waliotumwa pamoja mara nyingi huwa na kikundi chao. Waandikie kwa heshima, wape habari ya msiba kwanza kabla ya kuwaomba chochote, maana wengine watakuwa hawajui na watalia. Atakayekubali aandike kwa maneno yake: jina, cheo chake wakati ule, kikosi, alikuwa gari la ngapi kwenye msafara, aliona nini, mumeo alikuwa katika hali gani alipotolewa ndani ya kamiyo, tarehe na mahali. Aweke sahihi na namba ya simu. Usiwaandikie wewe ili wasaini. Barua mbili zinazofanana neno kwa neno ni sawa na barua moja, tena ya kutiliwa shaka. Na ukimpata yule kapteni, maneno yake yana uzito kuliko ya wote.

Ombi hili linakwenda kwenye kamandi ya watumishi ya jeshi la nchi kavu, Fort Knox, Kentucky. Wao ndio wenye kuamua kwanza. Wakikataa, soma sababu waliyoandika, itunze barua, na hapo ndipo unapokwenda kwenye bodi ya kusahihisha rekodi za jeshi kwa fomu DD 149. Usiruke hatua. Bodi ikiona hukupita kwanza kwenye mlango wa kawaida itakurudishia karatasi zako, na miezi imekwenda.

Bodi hiyo ni ya raia, si ya maofisa wa jeshi, na ina madaraka ya waziri wa jeshi la nchi kavu ya kuondoa kosa au dhuluma katika rekodi. Lakini haifanyi upelelezi. Haitampigia kapteni simu kwa niaba yako. Inaanza kwa kudhani kwamba karatasi za jeshi ni sahihi, na ni juu yako kuonyesha kwamba si hivyo. Sheria inasema ombi lifike ndani ya miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa, na fomu itakuuliza lini uligundua. Jibu ukweli: ulipofungua sanduku baada ya mazishi. Wakisema marehemu alijua tangu 2013 na akanyamaza, sheria hiyohiyo inawaruhusu kusamehe muda kwa ajili ya haki, nawe uombe msamaha huo kwa maneno waziwazi katika sehemu yake. Kusubiri kunaweza kufika mwaka na kupita. Wakikataa na baadaye ukapata ushahidi ambao hawakuuona, mlango bado uko wazi, bila kujali muda gani umepita.

Ukisikia mtu anakutajia DD 293, achana nayo, ile ni ya kuomba ipitiwe upya namna mtu alivyoachishwa jeshi. Na ubalozi wa Marekani Kinshasa hausahihishi rekodi za jeshi, kwa hiyo usipande ndege kwa ajili ya hilo.

Nimeona neno mapafu katika barua yako na siwezi kulipita. Mwezi wa Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa PACT Act, ambayo kwa waliotumikia Afghanistan inahesabu magonjwa kadhaa ya mapafu na saratani kadhaa kuwa yametokana na moshi na vumbi la kule, bila familia kulazimika kuthibitisha. Kama ugonjwa uliomwondoa mumeo ni mojawapo, wewe na watoto mnaweza kuwa na haki ya malipo ya kila mwezi, hata mkiishi Lubumbashi. Hilo ni shauri jingine kabisa, linaamuliwa na VA, fomu yake ni 21P-534EZ, na halingoji medali. Omba hospitali ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa kwa jina, sasa hivi, faili likiwa bado linapatikana. Vyama vya askari wa zamani kama American Legion na Disabled American Veterans vina watu wanaosaidia wajane kujaza madai hayo bila malipo. Kati ya yote niliyokuandikia, kwa upande wa ada za shule hili lina haraka kuliko medali.

Jiwe la kaburi: VA inatoa jiwe au kibao bure kwa askari aliyestahili, katika makaburi yoyote duniani, fomu 40-1330. Kulisimamisha ni gharama ya familia. Purple Heart inaweza kuchongwa, ila kwa ushahidi. Ningekuwa wewe ningeweka saruji na msalaba wa kawaida pale Sapin kwanza, nikangoja jibu la Fort Knox, ndipo niombe jiwe.

Yapo mengi ya kusema juu ya shemeji, lakini nitasema machache. Yeye amefiwa na mdogo wake. Mtu aliyefiwa akishika karatasi anadhani ameshika mkono wa marehemu. Mwite siku ya Jumapili, na mama mkwe awepo, uwatandazie fotokopi mezani, uwasomee kile kikaratasi cha zahanati. Nadhani hakuna aliyewahi kumsomea. Kisha mpe kazi: atafute picha, akumbuke majina ya rafiki ambao mdogo wake alikuwa akiongea nao kwa simu. Umpe nafasi ya kumtetea mdogo wake badala ya kugombea sanduku lake. Lakini sahihi na karatasi asilia zibaki kwako.

Wapo watu hapa mjini ambao mababu zao walikwenda na Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, hadi Tabora mwaka 1916, na wengine hadi Saïo kule Abisinia mwaka 1941, na leo hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Koplo Albert Kunyuku, askari wa Force Publique katika Vita vya Pili vya Dunia, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji pale Kinshasa Juni 2022, akiwa na miaka 100, miaka 77 baada ya vita kwisha. Wenzake karibu wote walikuwa wameshakufa bila kuona siku kama hiyo. Wewe una karatasi tatu nzuri na mwaka mmoja tu umepita.

Kesho piga fotokopi ya kila kitu, seti mbili, moja uiweke nje ya nyumba yako kwa mtu unayemwamini. Tuma SF 180 ya medali ya Afghanistan na ya beji kabla ya mwisho wa mwezi, na ya faili la matibabu siku hiyohiyo. Wakati majibu yako njiani, watafute wale wenzake. Fort Knox wakijibu, nitumie nakala, ukiwa umefunika ile namba. Ikibidi kwenda kwenye bodi, tutaijaza DD 149 pamoja, mstari kwa mstari.

Yaya